Wageni wa kujitolea shambani, pesa itatoka wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi vijana wa Mwakirunge, Mombasa, tuna kuku, mbuzi na kidimbwi cha tilapia, samadi yaingia kidimbwini na maji yake twanyunyizia mchicha. Sasa twataka watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waje tufanye kazi tukifundishana, lakini pesa ya kuendesha mtandao wa kuwaunganisha wageni hao na mashamba itatoka wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wazo lenu nimelipenda sana, manake hapo Bamburi tu mtaalamu wa kilimo René Haller alianza 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya simiti, jongoo wakala majani udongo ukarudi, samaki wakafugwa. Mwaka huohuo kule Uingereza Sue Coppard akaanzisha WWOOF, mtandao wa watu wa kujitolea kwenye mashamba ya kilimo hai, mgeni afanya kazi shambani na mwenyeji ampa chakula na malazi, mshahara hakuna, na huendeshwa zaidi kwa ada za wanachama. Mimi ningeanza hapo, ada ndogo kwa mashamba na kwa wageni, msikae kungoja mfadhili mmoja manake akiondoka mradi nao wafa, nimeyaona mara nyingi hapa pwani na huniuma.

Jisajilini kwanza ofisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya Kenya ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii yataka wanachama 10 kwenda juu, halafu akaunti ya benki yenye sahihi tatu. Na hili nawaomba sana: mgeni aliyeingia kama mtalii haruhusiwi kufanya kazi hata ya bure, ulizeni kibali uhamiaji kabla hajakata tiketi. Choo na neti pia viwe tayari.