Kabla Hujang'oa Kabureta ya FJ40

Watu wakisikia Land Cruiser yangu ya zamani, FJ40, siku hizi ina injeksheni, yaani kompyuta na injekta za kupuliza petroli badala ya kabureta, swali la kwanza huwa ni la kompyuta. Ni ya kampuni gani? Inajifunza yenyewe? Ina skrini? Mimi huwajibu kwamba hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye njia ya petroli, kuanzia tangi hadi kwenye injini, na kwenye nyaya za gari ambalo kiwanda kiliacha kuliunda mwaka 1984.

Lakini kwanza jiulize kama unaihitaji. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yetu ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Kabureta haina habari na hilo. Jeti zake ni vitundu vya kipimo kimoja, na kama vilipimwa kwa hewa ya pwani, huku juu petroli inazidi, plagi zinajaa masizi na gari linanuka petroli hadi ndani. Fundi akikuwekea jeti ndogo unapata nafuu mjini, kisha ukishuka pwani petroli inapungua, injini inapata joto na kugongagonga ukikanyaga mlimani. Barabara ya Magadi inaonyesha jambo hili kwa nusu siku tu: Kona Baridi umefunga jaketi, ziwani uko kwenye mita 600 hivi na jasho linakutoka.

Halafu kuna miteremko. Ndani ya kabureta petroli inakaa kwenye kibakuli chenye boya, na gari likilala upande kwenye mawe, petroli nayo inalala upande. Injini inafurika au inazima, na kila mara ni pale ambapo hutaki izime. Kwenye injini ya 2F, ile ya lita 4.2 ya gari hili, kuna balaa la ziada: kabureta imekaa juu ya manifoldi ya ekzosi (paipu za kukusanya moshi wa moto), upande uleule. Ukisimama dakika kumi kununua nyama Kiserian mchana wa jua, petroli inachemka na stata inazunguka bure. Toyota wenyewe walijua. Kwenye FJ60, Land Cruiser nyingine yenye injini hiyo, waliweka feni ndogo ya kupooza kabureta.

Kama shida yako ni matumizi ya petroli kwenye foleni za Thika Road, usihangaike. Injini ya lita 4.2 haiwezi kugeuka Vitz. Tafuta fundi mzee anayejua kabureta, abadilishe gasketi, boya na jeti, umlipe vizuri. Na kama safari zako ni za Turkana na Marsabit, mimi ningefikiria mara mbili: kabureta unaweza kuifungua kando ya barabara kwa bisibisi, lakini sensa iliyokufa haifunguliki.

Bado unataka? Basi pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla ya kutoa hata shilingi. Usishtuke namba zikiwa chini kuliko za kitabu, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi. Angalia kama silinda sita zinakaribiana. Injini inayokula oili itaiharibu sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi ndani ya ekzosi ili kompyuta ijue petroli inatosha. Kagua pia gasketi ya manifoldi ya ekzosi, ambayo kwenye 2F nyingi imeshachoka. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Utaishia kulaumu kifaa kipya kwa sababu ya ufa wa zamani.

Sasa petroli. Pampu ya kabureta inasukuma psi 3 hadi 5 hivi. Vifaa vingi vya siku hizi vya injeksheni vinavyokaa palepale ilipokuwa kabureta, injekta zikiwa ndani yake, vinataka karibu psi 58. Ukijaza tairi zako psi 30, hiyo ni karibu mara mbili, na ni petroli, tena karibu na ekzosi ya moto. Hosi iliyokuwepo haifai hata kama inaonekana mpya. Pale Kirinyaga Road, mahali wazee bado wanapaita Grogan, hosi inauzwa kwa futi. Igeuze usome maandishi ubavuni: unatafuta 30R9, alama ya hosi ya presha ya injeksheni. Isiyo na maandishi irudishe, muuzaji aape vipi. Klipu nazo ziwe zile laini ndani zinazokazwa kwa bolti; zile zenye matundu zinakata mpira polepole.

Pampu ya zamani iliyo ubavuni mwa injini ing'oe na uzibe tundu kwa kibati na gasketi. Pampu ya umeme ikae karibu na tangi, chini ya kimo chake, kwa sababu hizi pampu zinajua kusukuma, si kuvuta. Weka filta kabla yake na nyingine baada yake. Tangi likitolewa lioshwe kutu kabisa. Kutu ambayo kabureta iliivumilia miaka mingi, injekta haitaivumilia hata wiki moja.

Kuna jambo ambalo wanaoendesha lami tu hawaambiwi. Tangi likiwa robo na gari limeinama, pampu inavuta hewa. Kabureta ilikuwa na kibakuli chake cha kukusogeza sekunde kadhaa. Injeksheni haina, injini inakata papo hapo. Dawa ni tangi dogo la lita moja au mbili linalojazwa muda wote, na pampu ya presha inanywa humo. Paipu ya kurudisha petroli iliyozidi nayo irudi humo. Inaongeza pampu ya pili na gharama, lakini kwa mtu wa milima ya Ngong au Suswa, kufanya kazi hii bila tangi hilo ni kupoteza pesa.

Fundi wangu wa waya pale Industrial Area aliniambia, "Boss, hii pampu nivute tu kutoka kwa swichi ya ufunguo, tumalize." Nikamwambia, "Hapana fundi, kompyuta ndiyo iiwashe kupitia rilei, ile swichi ya umeme." Nyote mkatae hivyo hivyo. Kompyuta inazima pampu injini ikisimama. Ya swichi, gari likipinduka inaendelea kumwaga petroli mpaka mtu afikie ufunguo.

Umeme na athi za kompyuta zitoke betri moja kwa moja, si kwenye bodi yenye rangi na kutu. Ondoa platini (kiwashio cha zamani cha cheche) kwenye distributa uweke ya kielektroniki, na nyaya za plagi ziwe za kaboni. Zile za shaba tupu zinatoa kelele ya umeme inayochanganya kompyuta hata ikajizima. Alteneta pia ipimwe, kwa maana ya zamani ilikuwa na taa na waipa tu za kulisha.

Siku ya kuwasha, fungua ufunguo bila kupiga stata na usome sensa ya presha ya hewa kwenye skrini. Nairobi inapaswa kuonyesha kilopaskali 83 hivi. Ikionyesha 101 uko baharini bila kujua, au sensa ina shida. Usiwashe kabla ya kujua ni ipi. Baada ya hapo endesha taratibu mjini ikijifunza, kisha shuka Magadi ukiwa na pampu ya akiba, rilei mbili, fyuzi, hosi ya 30R9 futi kadhaa na kizima moto ambacho mkono unakifikia ukiwa umefunga mkanda.