Sisi na theluji, wapi na wapi? Jibu langu kwa msomaji

Nilipoweka picha zetu za Lonesome Lake, ziwa la milimani huku Marekani, msomaji mmoja anayeishi Manchester, New Hampshire, aliniandikia: "Dada, hongera, lakini sisi na theluji wapi na wapi?" Nimeona nimjibu hapahapa, maana najua hayuko peke yake.

Miaka yangu ya mwanzo huku, baridi ikiingia, nilikuwa natoka kazini, naingia ndani, nafunga pazia. Nililia sana misimu ile. Leo msimu huohuo nausubiri kwa hamu, na kilichonibadilisha ni kutoka nje, nimevaa ipasavyo, nikiwa na watu ninaowapenda.

Safari hii tulikuwa Watanzania na Wakongo, tukaenda wikiendi Franconia Notch, bonde la milimani lilipo ziwa hilo. Njia inaanzia Lafayette Place, kando ya barabara kuu ya I-93, na mpaka kwenye kibanda tulicholala ni kama kilomita 2.6 za kupanda. Watu wa Moshi wataelewa nikisema ni kibanda cha wapanda mlima, cha aina ya Mandara au Horombo kule Kilimanjaro. Kinaendeshwa na Appalachian Mountain Club, chama kilichoanzishwa 1876. Majira ya baridi hakuna wa kukupikia: unabeba chakula na mfuko wako wa kulalia, jiko la gesi na sufuria unavikuta. Sebuleni kuna jiko la kuni linalowashwa jioni, ila vyumba vya kulala havina moto kabisa.

Viatu vya theluji visikutishe. Ni fremu pana unayoifunga chini ya buti ili usizame, yenye meno ya chuma ya kung'ata barafu. Kwenye mwinuko unainua kile kichuma cha chini ya kisigino, vigimbi vinapata nafuu. Panua hatua kidogo usijikanyage, basi. Wanaopita na buti tupu kwenye theluji laini huacha mashimo, usiku yanaganda, kesho yake mwingine anateguka mguu.

Kubwa kuliko yote ni jasho. Ukilowa, ukisimama tu baridi inakuingia mpaka kwenye mifupa. Vaa sufu; pamba na jinzi ziache nyumbani. Anza safari ukihisi kibaridi, nenda pole pole, vua koti kabla hujalowa, livae tena mkipumzika. Narudia: usilowe jasho.

Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo barafu itashika upande wa kitako na mdomo utabaki wazi. Usiku ijaze maji ya moto, kaza kifuniko, ilaze miguuni ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na soksi za kesho.

Sasa niseme lililoniuma, na bado linaniuma. Tulipotangaza safari kwenye grupu la jumuiya yetu, mtu mzima kabisa akaandika: "Mambo ya Wazungu hayo. Mkifa huko mtatuchangisha." Watu wakacheka. Jioni ile tulikula pilau tuliyoibeba imeganda, jua la mwisho likipaka rangi milima ya Lafayette na Lincoln ng'ambo ya ziwa, na wageni wa meza ya pili wakatuomba chai yetu ya tangawizi. Nilifurahi, lakini yale maneno yalikuwa bado kifuani. Nani kasema mlima una kabila? Mrefu kuliko yote Afrika uko kwetu, na wanaowaongoza wageni hadi kwenye barafu yake ni vijana wetu. Ndugu zangu, msiwalee watoto wakiijua theluji ya dirishani tu. Hii ni nchi yao pia. Watoeni nje!

Kuhusu michango: jimbo la New Hampshire linaweza kukudai gharama za uokoaji likiona ulizembea. Ipo kadi ya Hike Safe, dola 25 kwa mtu mmoja, 35 kwa familia, inayokukinga na deni hilo mradi hukufanya ujinga wa makusudi. Sisi sote tulikuwa nayo.

Nawe uliyeniuliza, anza na ziwa hilihili. Viatu kodisha kwanza, usinunue. Na kabla ya kukatiza juu ya barafu muulize mtunza kibanda. Akisita, zungukeni kwa njia ya msituni.