Maswali na Majibu: Dalali wa nyumba za uwekezaji

SWALI: Nataka kununua nyumba ya kupangisha. Madalali niliozungumza nao wananipeleka kwenye nyumba za kupendeza, lakini nikiuliza faida wananijibu tu, "Hapa hupotezi." Nitamjuaje anayefaa?

JIBU: Miaka yake kazini isikubabaishe, mpe hesabu. Chagua nyumba mojawapo anayoiuza, umwombe akuonyeshe faida yake kwa mwaka. Tuseme bei ni 100,000 na kodi ya mwezi ni 800, kwa fedha yoyote ile. Wengi watazidisha 800 kwa 12, wapate 9,600, wakutangazie faida ya asilimia 9.6. Hayo ni mapato ghafi. Anayeijua kazi ataondoa kwanza mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, zibaki 8,800. Kisha ujira wa msimamizi, tuseme asilimia 10, yaani 880. Kisha matengenezo, bima na kodi ya majengo, tuseme 2,400. Zinabaki 5,520, sawa na asilimia 5.5 ya bei, na hapo marejesho ya mkopo bado hayajaguswa. Akiuliza mapema kama unanunua kwa taslimu au kwa mkopo, mpe alama.

Mbane pia kuhusu hiyo 800: ameitoa wapi? Akuonyeshe nyumba tatu hivi za ukubwa na mtaa uleule zilizokwisha kupata wapangaji karibuni. Kodi iliyo kwenye tangazo ni matumaini ya mwenye nyumba tu.

Kumpata, waulize wasimamizi wa nyumba za kupangisha na mafundi wanaozikarabati. Wao huona ni dalali gani ambaye wateja wake hurudi kununua nyumba ya pili na ya tatu. Dalali ambaye naye ananunua nyumba za kupangisha huwa mjuzi, ila muulize waziwazi: ikitokea nyumba ya bei nzuri, nani anaiona kwanza? Na kama analipwa asilimia ya bei ya mauzo, kukupunguzia bei ni kujipunguzia ujira. Kwa hiyo kiwango cha juu cha ofa kiamue wewe kwa hesabu zako, na kama anamwakilisha muuzaji pia, usimtajie.

Nawe uwe mteja wa kufanya naye kazi. Mwandikie ukurasa mmoja: bei ya juu, mitaa, idadi ya vyumba, faida ya chini unayokubali, matengenezo unayoyamudu. Akikuletea nyumba, mjibu ndani ya siku moja, hata kama jibu ni hapana, na utaje sababu. Mteja anayezungushwa nyumba ishirini bila kutoa ofa hata moja huacha kupigiwa simu, na hapo hatuwalaumu madalali.

SWALI: Dalali anataka nisaini mkataba wa miezi 6 wa kununua kupitia kwake peke yake. Nisaini?

JIBU: Si kwa kuanzia. Omba siku 60, na mkataba utaje mitaa inayohusika. Soma vizuri kipengele cha nyumba utakayoitafuta mwenyewe, maana mikataba mingine inadai kamisheni hata hapo. Mkataba ukiisha, kisha ukanunua nyumba aliyokuonyesha kabla haujaisha, kudai kamisheni ni haki yake, ila aambatanishe orodha ya nyumba hizo yenye tarehe, nanyi nyote muisaini.