Maswali ya wasomaji: Tunatua mwezini lakini chombo kinabingirika

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Nachingwea, tuna klabu ya sayansi na laptopu mbili, tumeinstoli ile programu ya bure ya Orbiter, ya kuigiza safari za angani, na tunataka tarehe 20 Julai tuigize Apollo 11 ilivyotua mwezini mwaka 1969. Sasa wanafunzi wote, na mimi pia, tukibakiza kama mita mia kufika chini chombo bado kinakimbia kwenda mbele, tukikizuia hakisimami, kikigusa ardhi kinabingirika. Kushuka tunakuweza vizuri tu. Tunakwama wapi?

JIBU: Mwalimu salaam, na hongereni sana, barua yenu imenifurahisha kwelikweli. Mikono yenu haina shida, shida ni mvutano wa mwezi. Huku kwetu kitu kinavutwa chini kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kule ni 1.62 tu, moja ya sita. Watu wakisikia hivyo wanadhani kutua kule ni mteremko. Kushuka ndiyo rahisi, kusimama ndiyo kazi.

Wapigieni wanafunzi hesabu hii ubaoni. Chombo kikiwa kinaelea, injini inasukuma kulingana na uzito wake tu, na uzito wenyewe kule ni mdogo. Ukikiegemeza nyuma nyuzi 10 ili kipunguze mwendo, kile kipande cha msukumo kinachokwenda pembeni kinakupa kama mita 0.29 kwa sekunde kila sekunde, basi. Ukiwa unakwenda mita 15 kwa sekunde utahitaji sekunde kama 50 kusimama na utakuwa umeshakula karibu mita 390 za njia, hewa ya kukupunguza hakuna, parashuti haifanyi kazi. Helikopta hapa duniani kwa mwegemeo huohuo inasimama ndani ya sekunde 9. Kwa hiyo nyie mnaanza kuzuia mita mia kutoka chini, mmeshachelewa, ni sawa na nahodha anayeingia Mikindani na tanga limejaa upepo halafu anakumbuka kulishusha akiwa ameshaliona gati.

Neil Armstrong, kamanda wa Apollo 11, alilijua hili mwilini kabla hajaondoka duniani. NASA walitengeneza mtambo wa mazoezi wenye injini ya jeti iliyobeba sehemu tano kati ya sita za uzito, ili rubani auhisi mwezi akiwa hapahapa, na tarehe 6 Mei 1968 mtambo huo ulimshinda Armstrong akiwa hewani, akajirusha na kiti, akashuka na parashuti salama. Bado alitaka marubani waendelee kuufanyia mazoezi, na mimi namuelewa kabisa, kwa sababu ile siku yenyewe kompyuta ilikuwa inampeleka kwenye kreta kubwa iliyozungukwa na mawe, mengine makubwa kama gari. Alichofanya ni kusimamisha chombo karibu wima ili kisipunguze mwendo, akayaruka mawe yote yale, halafu ndipo akaegemea nyuma kuua spidi. Mkono wa kulia ulikuwa na mpini wa kuegemeza chombo, wa kushoto ulikuwa na swichi ndogo, kila akiigusa mara moja spidi ya kushuka inabadilika kwa kama sentimita 30 kwa sekunde, kompyuta inashika injini yenyewe. Buzz Aldrin pembeni yake hakuwa anatazama nje kivile, alikuwa anamsomea namba tu, mwinuko, kushuka, kwenda mbele.

Hiyo ndiyo nataka muige mwalimu, kuliko picha nzuri za roketi ikiruka Florida. Wawekeni wanafunzi wawiliwawili, mmoja anarusha, mwingine macho yasitoke kwenye ile skrini ya Surface, ile inayoonyesha mwinuko na spidi, asome kwa sauti spidi ya mbele kwanza halafu ya kushuka. Msianze na Eagle, kile chombo alichotua nacho Armstrong, anzeni na Delta-glider, chombo cha kubuni kinachokuja na programu yenyewe kwenye kituo cha Brighton Beach hapo mwezini, mkifika mwinuko wa mita 500 muwe tayari mnaipunguza spidi ya mbele, na mkigusa chini spidi isizidi mita moja kwa sekunde. Kitufe cha 5 kwenye zile namba za pembeni kinaua mzunguko wote, mkiona chombo kinayumbayumba kibonyezeni kwanza ndipo mfikirie kitu kingine.

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko kidato cha tatu Lindi mjini. Babu yangu anasema alisikia kwenye redio kwamba watu wamekanyaga mwezi alfajiri, lakini kitabu kinasema usiku. Nani yuko sahihi? Tunataka tuwashe simyuleta saa ileile.

JIBU: Marahaba mjukuu wa babu makini, wote wako sahihi. Eagle iligusa mwezi Jumapili tarehe 20 Julai 1969 saa 5:17 usiku kwa saa zetu, ila Armstrong hakutoka hapohapo, alikuja kuweka mguu chini saa 11:56 alfajiri ya Jumatatu tarehe 21. Hiyo ndiyo ya babu. Mkitaka kufuatisha kabisa, washeni injini ya kushukia saa 5:05 usiku mkiwa mwinuko wa kilomita 15 hivi, kutoka hapo hadi chini ni kama dakika 12 na nusu. Na babu akiwepo mkalisheni mbele, mwacheni aelezee alivyosikia.

SWALI: Kaka mhariri mambo. Kila nikisoma habari za Apollo 11 naona namba 1202. Ni kweli kompyuta yao ilizima wakiwa wanatua? Halafu laptopu yangu ni ya zamani na haina zile namba za pembeni, naweza kweli kurusha Orbiter? Niko Chikongola, Mtwara.

JIBU: Poa mdogo wangu. Haikuzima, ilizidiwa kazi. Rada ya kutafutia chombo mama alichobaki nacho Michael Collins juu kwenye obiti ilikuwa imewashwa, ikawa inaipelekea kompyuta taarifa ambazo hazikuhitajika muda ule, zikawa zinaila nafasi yake ya kufanya hesabu. Na kompyuta yenyewe ilikuwa na maneno 2,048 tu (yaani vipande vidogo vya taarifa) ya memori ya kufanyia kazi, hata simu ya kitochi leo inaizidi. Lakini timu ya Margaret Hamilton kule chuo cha MIT, Marekani, walikuwa wameiandikia programu inayojua lipi ni la lazima na lipi linasubiri, kwa hiyo ikizidiwa inajianzisha upya haraka, inatupa kazi ndogondogo, inaendelea kuongoza chombo. 1202 ndiyo ilikuwa taarifa ya hilo, baadaye ikaja na 1201. Kule Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari, kijana Jack Garman alikuwa na orodha ya hizo alamu imeandikwa kwa mkono, akamwambia Steve Bales, msimamizi wa uongozaji wa chombo, tunaendelea, na Bales alikuwa na miaka 26. Mimi hiyo stori sichoki kuisimulia.

Ukitaka kuiona kompyuta hiyo ikifanya kazi kweli, kuna nyongeza ya bure ya Orbiter inaitwa NASSP, imeweka ndani yake programu zilezile za Apollo, unabonyeza vitufe vya VERB na NOUN na namba kama wao. Ila ni ngumu, na kwa laptopu ya zamani usianze nayo. Chukua Orbiter ya 2010, ni nyepesi kuliko ya 2016 ambayo picha zake za sayari zitakumalizia bando na diski, na kama kuna mwenye nayo kwenye flashi ndiyo nafuu zaidi. Habari ya namba za pembeni, fungua faili la keymap.cfg kwa Notepad, humo kila kazi imeandikwa na kitufe chake, weka herufi unazotaka, ila nakili faili la zamani pembeni kabla hujagusa kitu. Au tafuta kibodi ya USB, hata iliyochakaa, mradi vitufe vya namba vinabonyea.