Kochi likaguliwe kabla halijavishwa kitambaa

Ubora wa kochi umo ndani, na kitambaa huuficha wote. Mombasa tuna nafasi nzuri ya kuuona, maana mafundi wetu wengi hufanya kazi nje, kando ya barabara, na hutengeneza kwa oda. Mimi sharti langu huliweka siku ya kutoa arbuni: fremu ikishasimama nipigiwe simu nije niione, ndipo sponji ianze kubandikwa. Fundi anayeiamini kazi yake hakatai. Akianza kuzungusha maneno, natafuta mwingine.

Fremu ikiwa tupu, anza na mbao. Si lazima iwe mvule au mkangazi. Mbao ya bei nafuu iliyokauka sawasawa hudumu. Ya kuogopa ni mbichi. Ukiishika ni baridi na nzito, na itakapokaukia sebuleni mwako itapinda na kuachia viungo. Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga, humo mna wadudu, usiichukue hata ukipunguziwa bei. Kisha tazama pembe: nataka gundi na skrubu, na kipande cha mbao cha kukaza kila kona. Fremu iliyoshikwa kwa misumari mitupu itaanza kucheza, tena hapa kwetu hewa ya chumvi huila misumari na springi kwa kutu.

Kama kochi limeshamalizika na liko dukani, inua pembe moja ya mbele kama sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele usipoinuka nao, fremu inajipinda. Gonga ubavuni na mgongoni. Kadibodi iliyowekwa badala ya mbao hujulikana kwa sauti yake. Omba pia kitambaa cheusi cha chini kifunuliwe kidogo, uone mikanda inayobeba kiti imebana au imelegea.

Kwenye sponji watu wengi hudanganyika, kwa sababu ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti. Sponji yaweza kuwa ngumu leo na bado ikabonyea upesi kwa kuwa ni nyepesi. Uliza kilo zake kwa mita moja ya ujazo. Ya kukalia mimi sikubali chini ya 30. Fungua zipu uione kwa macho, isije ikawa imejazwa vipande vya mabaki.

Ngozi bandia siipendekezi kabisa. Joto na unyevu wa pwani huubambua utando wake wa juu, na jasho lako litakugandisha hapo. Chukua kitambaa kinachopitisha hewa, chenye zipu, kivulike kifuliwe.

Na wanaokaa Mji wa Kale, ambako ngazi ni nyembamba, wapime mlango na kona za ngazi kabla ya kuagiza, na wamwambie fundi afunge miguu kwa skrubu ili ifunguke wakati wa kupandisha.