Shangazi yako amechagua kubaki kwake

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza usiku, baba yako akiwa amelala. Umeuliza mbona tumemrudisha shangazi yako nyumbani badala ya kumpeleka tena Dar, na kama ndiyo kusema tumemkatia tamaa. Una haki ya kuuliza, na mimi sitazunguka.

Mionzi alimaliza pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wewe mwenyewe ulikuwa unampeleka. Saratani imerudi na imefika kwenye figo. Daktari hapa Dodoma alimweleza yeye, si sisi, kwamba dawa ya kuuondoa ugonjwa haipo tena. Wifi yangu akauliza kitu kimoja tu: nikikaa kwangu, maumivu mtayatuliza? Akajibiwa ndiyo. Akasema basi, nirudisheni Chamwino. Akili zake ni timamu. Hao baba zako wadogo wanaopiga simu kuitaja India hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini.

Ila kukaa nyumbani bila dawa ni kumtesa mtu, hilo tuko pamoja. Ndiyo maana tulianza na mofini, dawa kali ya maumivu. Ni ile ya maji, inayotengenezwa Ocean Road na kupelekwa hospitali za mikoani, dukani huipati. Anakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa dozi maradufu kwa mpigo mmoja, kama muuguzi alivyoagiza, ili alale hadi alfajiri. Hatungoji aanze kulia ndipo tumpe. Shangazi yako mkubwa alinijia juu, eti namlevya, namuua taratibu. Sikubishana naye. Siku za mwanzo mgonjwa alisinzia mno, kisha akazoea, na juzi alikuwa kibarazani anamgombeza mjukuu kwa sababu ya kuku. Kinachomsumbua ni choo kugoma, hivyo dawa ya kulainisha choo isikosekane. Ukiwa na hela kidogo, tuma ya hiyo kwanza, halafu ya nepi.

Kuna jambo ambalo watu wanaona haya kulisema, nalo ni harufu ya ugonjwa. Yule muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyeponyeka, alitupa vidonge vya metronidazole vya kusaga na kunielekeza namna ya kuvitumia. Imepungua sana. Majirani waliokuwa wanasalimia wakiwa mlangoni sasa wanaingia, wanakaa. Alituambia pia tuweke karibu kanga na blanketi za rangi nzito, maana ugonjwa huu unaweza kutoa damu nyingi ghafla, na damu kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa kuliko damu yenyewe.

Chakula usikiulizie kila simu. Ugali wa uwele haupiti tena. Anaonja mlenda, anakunywa uji vijiko viwili vitatu, anageukia ukutani. Simlazimishi, hata wageni wakininong'ona. Namlowanisha midomo kwa kitambaa safi chenye maji, nampaka mafuta, basi.

Tumekubaliana naye pia kuhusu siku yenyewe. Pumzi ikibadilika, hatutakodi gari usiku wa manane tumrushe rushe barabarani akafie njiani. Tutampigia muuguzi, kisha mchungaji. Mtendaji wa kijiji ameshajua kuna mgonjwa wa namna hii, ili kibali cha mazishi kisije kikawa mzozo juu ya msiba.

Sasa wewe. Hela unayotaka kuchangisha kwa ajili ya India, acha. Nahitaji mtu. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo, kumenimaliza kiuno, na baba yako, unamjua, anamwonea haya dada yake. Usiku binti wa jirani ananisaidia, lakini naye ana shule. Omba likizo, panda SGR, uje ukae zamu ya usiku mimi nilale. Kumgeuza nitakufundisha, kumwosha tutabaki nako sisi wanawake.

Akikuuliza kama anakufa, usimwambie atapona. Anajua, na atakuona mwongo. Muulize habari za lile shamba la Msanga. Anataka kuligawa mwenyewe, angali anasikika, kabla kaka zake hawajamgawia. Njoo na karatasi na kalamu. Mashahidi tutawapata hapahapa.

Mama yako