Bibi alitaka kutumia peni, wala si kununua kikapu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa watalii hapa Entebbe. Juzi tukielekea Mbarara, bibi mmoja Mwingereza aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anahitaji "to spend a penny", yaani kutumia peni, ile sarafu ndogo ya Kiingereza. Nikajua anataka kununua kitu. Tulipofika Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, nikampeleka moja kwa moja kwenye duka la vikapu. Akavipita vikapu vyote mbiombio, anauliza choo kiko wapi! Peni na choo wapi na wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi wa watu ulimtesa. Mwingereza akisema hivyo anaomba njia ya msalani, tena kwa haja ndogo tu.

Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya Hyde Park, London, fundi George Jennings aliweka vyoo vya kuvuta maji, na anayeingia alilipa peni moja. Baadaye vyoo vingi vya umma vikawekewa kufuli za sarafu: unatumbukiza peni, komeo linaachia, unasukuma mlango. Wanaume wenye haja ndogo mara nyingi walijisaidia bure, kwa kusimama. Wanawake ndio waliolazimika kuwa na peni mkononi. Hapo mtu asiniambie habari za ustaarabu. Basi msemo ukakaa zaidi vinywani mwa akina mama, na leo ni wa watu wa umri wa huyo bibi yako.

Peni ile ya zamani, ambayo 240 zilifanya pauni moja, iliachwa 1971. Bei ya choo ikazidi kupanda. Kwenye baadhi ya stesheni kubwa za London ilifika peni 50 kabla ya ada kufutwa 2019. Msemo haukupanda nayo. Usije ukasema "spend five hundred shillings" kwa kuwa ndizo unazotozwa kwenye paki ya mabasi, hakuna atakayekuelewa.

Mmarekani naye usimwambie hivyo, atakukodolea macho. Vijana wa Uingereza wenyewe husema "loo". Na hiyo "short call" yetu, yaani haja ndogo, inayoeleweka Uganda nzima, mgeni wa London atadhani unakwenda kupiga simu fupi. Ukiwa na wageni wa kila namna garini, sema tu "toilet", na uwaulize kabla hamjaacha Kampala, maana foleni ya kutokea Busega unaijua.